Hotuba Niliyokataa Kuikata

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hata sasa nilivyozeeka na magoti yananisumbua nikitaka kuinuka, mgongo wangu hunyooka wenyewe. Juzi uliniuliza, mwanangu, kuna ubaya gani mtu akinyamazia jambo moja ili mambo yake mengine yaende vizuri. Sikukujibu, maana jibu langu ni refu na wewe ulikuwa na haraka. Leo umetulia. Basi sikiliza.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Baba yangu, Jotham, alikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa kule Spring Valley, mtaa wa matajiri hapa Nairobi. Alitoka Maragoli akiwa kijana, akafanya kazi za jikoni kwa Wazungu wa kila aina. Uhuru ulipokuja, Waingereza aliokuwa akiwapikia walifunga mizigo wakaenda zao, na nyumba ikachukuliwa na Mmarekani aliyekuwa akiuza matrekta. Nitamwita Bwana Whitlock. Baba alichukuliwa pamoja na nyumba, kama jiko na kabati. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, huku akicheka.

Sisi tuliishi nyuma, katika kota ya mfanyakazi, chumba kimoja kilichofichwa na ua wa miiba ili wageni wasikione. Mama alikuwa nyumbani Maragoli akilima na kuwalea wadogo zangu. Mimi nililetwa Nairobi kwa ajili ya shule. Kila asubuhi nilishuka kwa miguu mpaka Westlands, nikaendelea hadi shule ya wasichana ukingoni mwa mji, na jioni nikapanda tena.

Bwana Whitlock sikumchukia, na wewe usimchukie. Alikuwa mtu mrefu wa kucheka kwa sauti, na alimsalimu baba kwa kumpa mkono, jambo ambalo Mwingereza wa kabla yake hakulifanya hata mara moja. Siku moja alinikuta nimeketi kwenye ngazi ya jikoni nikisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa nyama. Akaniuliza kama napenda kusoma. Nikasema napenda. Akanipeleka katika chumba chake chenye vitabu kutoka sakafuni hadi darini, akasema, "Chukua unachotaka. Ukimaliza, rudisha, uchukue kingine."

Nikachukua. Nilianza na rafu za juu, zile zenye vitabu vilivyoshikwashikwa. Nikasoma jinsi Wamarekani walivyokuwa chini ya mfalme wa Uingereza, jinsi walivyochoka naye, na jinsi walivyoketi katika ukumbi mmoja wenye joto wakaandika kwamba wanadamu wote wameumbwa sawa, na kwamba serikali isiyo na ridhaa ya watu haina haki ya kuwatawala. Nilikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kutembea na kipande, hati ambayo Mwafrika alilazimishwa kuibeba, ndani ya kijikopo cha bati, kimening'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Na hapa palikuwa na watu waliomwambia Mwingereza hapana miaka mingi kabla ya babu yangu kuzaliwa! Nilicheka peke yangu kwenye ngazi ile mpaka baba akatoa kichwa dirishani kuona kama niko sawa.

Kisha nikashuka kwenye rafu za chini. Vitabu vya huko vilikuwa na vumbi, vingine kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana. Humo nikakutana na Marekani nyingine. Nikasoma kwamba yule aliyeandika maneno mazuri ya usawa alikuwa na watu aliowamiliki kama ng'ombe. Kwamba katiba yao ilivyoandikwa mwanzoni, ilipofika kugawa viti vya bunge, ilimhesabu mtumwa kama sehemu tatu za mtu aliyegawanywa mara tano. Kwamba majimbo mengi ya kusini yalifanya kuwa kosa kumfundisha mtumwa kusoma. Nikasoma pia masimulizi ya watu waliotoroka utumwani wakajifunza kuandika, wakaeleza wenyewe yaliyowapata. Moja la masimulizi hayo lilinishika hata maharagwe niliyoachiwa niyaangalie yakaungua, na baba akala mkate mkavu usiku huo bila kunigombeza.

Basi mwaka huo Bwana Whitlock na marafiki zake wa biashara waliandaa mashindano ya hotuba kwa wanafunzi wa Nairobi. Mada ilikuwa uhuru wa Marekani na mafunzo yake kwetu sisi taifa changa. Mshindi angepelekwa Marekani kusoma mwaka mzima, akae na familia ya huko. Mwanangu, zamani hizo mtu akienda ng'ambo, kijiji kizima kilimsindikiza. Mwalimu wangu wa historia, Mwalimu Wairimu, aliandika jina langu kabla hata sijaomba. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, mzaliwa wa Kabiria, pembezoni mwa Nairobi, ambako wazazi wake walikuwa na shamba na vyumba vya kupangisha.

Niliandika hotuba yangu kwa majuma kadhaa. Sehemu ya kwanza ilihusu mfalme na ukumbi ule wa joto. Sehemu ya katikati ilihusu wale ambao maneno ya usawa hayakuwafikia. Sehemu ya mwisho ilihusu Kenya. Sheria ya mashindano ilitaka hotuba zisomwe mapema na waandaaji, kwa hiyo yangu ikafika mikononi mwa Bwana Whitlock.

Jumapili moja alasiri aliniita sebuleni. Sikuwa nimewahi kukaa sebuleni. Akanikaribisha kwenye kiti, na baba yangu mwenyewe akaja kunimiminia chai, bila kunitazama usoni, kwa sababu ndivyo alivyowahudumia wageni wote. Alipotoka, Bwana Whitlock akaweka karatasi zangu mezani. Sehemu yote ya katikati ilikuwa imepigwa mistari ya penseli.

Alisema kwa upole, kwa Kiingereza chake cha puani, "Truphena, hii ni kazi nzuri. Nzuri mno. Lakini siku hiyo ni ya kusherehekea. Watakuja wageni, watu wa serikali yenu pia. Ukisoma mwanzo na mwisho, sioni atakayekushinda."

"Na hapa katikati, Bwana?"

"Hapa katikati ni mambo ya zamani. Sisi wenyewe tunayashughulikia. Hayana haja siku hiyo."

Nilisema asante. Nilizoea kusema asante katika nyumba ile. Nikachukua karatasi zangu nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Jioni baba alikuwa akimenya viazi kwenye kota, viazi vyetu wenyewe. Nikamwambia kila kitu. Baba hakujua Kiingereza cha vitabu, alijua cha jikoni tu, kwa hiyo akaniambia, "Hebu nisomee hiyo sehemu imekatwa. Nisomee kwa Kiswahili."

Nikasoma, nikitafsiri polepole. Alikuwa akimenya, kisha akaacha, kisu mkononi. Nilipofika pale pa mtu kugawanywa mara tano, akanikatiza.

"Ngoja. Hiyo kitu umeandika ni ukweli ama umeongeza chumvi?"

"Ni kweli, baba. Imo katika kitabu chake mwenyewe."

"Kitabu ya Bwana?"

"Ndiyo. Rafu ya chini."

Akaweka kisu chini. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba hadi leo. "Truphena, hapa tunalala kwa nyumba ya huyu mtu. Hiyo unajua. Kama atakasirika, ni mimi nitafukuzwa, si wewe. Hiyo pia unajua. Sasa mimi sitakuambia soma, na sitakuambia usisome. Kazi ni yangu, mdomo ni wako. Lakini chochote utafanya, niambie mbele, nisisikie kwa watu."

Kesho yake nikamwonyesha Mwalimu Wairimu ile mistari ya penseli. Aliitazama, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Nilitaka anipe ruhusa, au anikataze, nipumzike. Hakunipa lolote kati ya hayo.

"Ukisoma nusu utashinda," alisema. "Hiyo safari ni yako kabisa. Na mimi nitakupigia makofi. Lakini usije ukaniambia ulisoma hotuba yako. Utakuwa umesoma ya Bwana Whitlock."

"Na nikisoma yote?"

"Ukisoma yote hutaenda popote. Usidanganywe na mtu kwamba wataona ushujaa wako wakutuze. Hawatakutuza."

Nampenda mwalimu yule kwa jibu lile. Wengine wangenijaza matumaini. Yeye alinionyesha shimo na urefu wake, akaniacha niamue kama nitaruka.

Niliamua nikiwa njiani, nikipanda kilima cha kurudi Spring Valley, na nilipofika nilimwambia baba kabla sijavua viatu. "Nitasoma yote." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukoroga supu ya wenye nyumba.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi mmoja katikati ya mji. Bendera zao zilikuwa zimetundikwa kando ya yetu. Wakubwa waliketi mbele na suti zao, wake zao na kofia zao, nasi wanafunzi pembeni katika sare zetu zilizopigwa pasi mpaka zikang'aa. Na baba alikuwa humo ndani. Bwana Whitlock alimleta ahudumie chai, kwa hiyo alisimama nyuma kabisa kwenye meza ya vikombe, amevaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba.

Aliyenitangulia alikuwa mvulana wa shule nyingine aliyesifu matrekta na mashamba ya ngano. Akapigiwa makofi sana. Kisha jina langu likaitwa.

Sikuwa na karatasi mkononi. Hotuba nilikuwa nayo kichwani. Sehemu ya kwanza ikanitoka vizuri, wakubwa wakatabasamu, Bwana Whitlock akamnong'oneza mkewe kitu, naona alikuwa akimwambia huyu ndiye binti wa Jotham. Nikafika mahali ambapo penseli ilianzia. Hapo nilinyamaza. Kwa mtu mwingine labda ulikuwa mpumuo tu. Kwangu ulikuwa mrefu, kwa maana nilimwona baba kule nyuma ameshika birika kubwa, na nikaona koti lile jeupe, na nikajua kwamba neno langu linalofuata ndilo litakalomvua.

Baba akaweka birika mezani. Akashusha mikono yake kando ya mwili, akasimama wima, vile tulivyofundishwa kusimama wimbo wa taifa unapopigwa.

Nikaendelea.

Nikawaambia juu ya mwandishi wa usawa na watu aliowamiliki. Nikawaambia juu ya sehemu tatu kwa tano. Nikasema kwamba waliokatazwa kusoma walijifunza kwa siri, wengine kwa kuchora herufi mchangani, na kwamba vitabu walivyoviandika baadaye ndivyo vilivyonifundisha Marekani ni nini. Nikasema kwamba wapo Wamarekani, weupe kwa weusi, waliowaficha watoro katika ghala zao huku sheria ikiwakataza. Kwamba wapo weusi wa mji mmoja wa kusini waliotembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, mvua na jua, wakayaacha mabasi yaliyowadharau yapite matupu. Kwamba hata wakati ule nilipokuwa nikizungumza, wapo waliokuwa wakipanga foleni kwenda kuandikishwa kupiga kura huku wakibwekewa na mbwa wa polisi. Nikasema, "Ninyi mmetuuliza tujifunze nini kutoka Marekani. Mimi nimejifunza kutoka kwa hao. Maneno mazuri yaliandikwa na wakubwa, lakini walioyafanya yawe kweli ni wale waliotengwa nayo. Na sisi Kenya tumeandika maneno mazuri juzi tu. Tuangalie ni nani kati yetu tumemwacha nje."

Hapo ndipo waheshimiwa wetu wenyewe walipojigeuza vitini. La Marekani wangelimeza. Lile la mwisho liliwakwama.

Nilipomaliza, wasichana wa shule yangu wakapiga makofi, na Mwalimu Wairimu akasimama kabisa akapiga yake juu ya kichwa chake, kama mtu anayefukuza ndege shambani. Wengine wachache wakafuata. Mbele, mikono ilikaa magotini.

Mshindi alikuwa yule mvulana wa matrekta. Simlaumu, alizungumza vizuri.

Wakati wa chai Bwana Whitlock alinijia. Uso wake ulikuwa umeiva, na macho yake, mwanangu, yalikuwa ya mtu aliyeumizwa. Laiti yangekuwa ya hasira ningevumilia kwa urahisi zaidi.

"Nilikupa vitabu vile mimi mwenyewe," alisema.

"Ndiyo, Bwana," nikamjibu. "Nilivisoma vyote."

Hakuniambia neno jingine tena maishani mwake.

Juma lililofuata alimwita baba akamwambia, kwa upole uleule, kwamba wamepata mpishi mwingine na kwamba wataihitaji kota mwisho wa mwezi. Hakutaja hotuba. Baba naye hakuitaja. Alifua lile koti jeupe, akalipiga pasi, akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha jikoni, akatoka.

Tulihamia Kabiria. Mwalimu Wairimu alizungumza na mama yake, tukapewa chumba cha udongo chenye mabati mapya, karibu na shamba lao la sukumawiki. Tulivuta mali yetu kwa mkokoteni kupitia Kangemi na Kawangware, kitanda, masufuria, Biblia ya baba, na mimi nikisukuma kwa nyuma nikiwa nimeinamisha kichwa nisiwaone watu. Baba akapata kazi katika hoteli moja ya River Road, kati ya duka la misumari na kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Mtu aliyewahi kuoka keki za harusi za Wazungu sasa alikaanga chapati katika moshi, wapagazi na makarani wakimpigia kelele, "Mzee, harakisha bwana!"

Nilimtembelea huko siku moja baada ya shule. Nikamkuta amejifunga kitambaa mkononi, mafuta yalikuwa yamemrukia. Alikuwa akikohoa. Nikakaa kwenye benchi nikamtazama akigeuza chapati kwa mkono mmoja, na moyo wangu ukavunjika. Alipopata nafasi ya kuketi nami, nikamwambia nilichokuwa nimepanga njiani.

"Baba, Jumapili nitaenda Spring Valley. Nitamwomba Bwana Whitlock radhi. Nitamwambia nilikuwa mtoto, sikuelewa. Atakurudisha, najua atakurudisha."

Baba yangu hakuwahi kunipazia sauti tangu nizaliwe. Siku ile alipaza, mpaka wateja wakageuka.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, baba, mimi tu..."

"Nyamaza. Nimeuliza, mimi nilikutuma? Nimewahi kulia mbele yako nikasema nataka kurudi?" Akatazama huku na huku, akashusha sauti, lakini ikawa kali zaidi. "Sikiliza nikuambie kitu sijaambia hata mama yako. Wakati wa Mwingereza, kabla hujazaliwa, mbwa wa Memsaab, mke wa huyo Mwingereza, alikufa. Alikwamwa na mfupa wa kuku. Wakasema ni mimi nilimpa. Si mimi. Niliona kwa macho yangu ni mgeni wao alirusha huo mfupa chini ya meza. Lakini ningesema mgeni amedanganya? Mimi mpishi? Nikafikiria mama yako, nikafikiria kodi. Nikasema, nisamehe Memsaab, ni mimi. Na yeye akanisamehe. Ati akanisamehe! Kila Jumamosi nikawa napalilia kaburi ya huyo mbwa na kuweka maua. Truphena, kazi sikupoteza. Lakini sikia, kusamehewa kosa ambayo hukufanya, hiyo ni kitu inakaa ndani hapa." Akajigonga kifuani kwa ule mkono uliofungwa kitambaa. "Inakaa. Ukila, iko. Ukiomba kanisani, iko. Siku ile kwa ukumbi, wewe ukisema yale maneno, ndiyo siku ya kwanza ilitoka. Sasa unataka kwenda kuirudisha?"

Nililia pale kwenye benchi, na baba akaniletea chapati na chai, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Kula. Halafu uende usome."

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini ina mkia, na mkia wenyewe naupenda. Miezi mingi baadaye, nikiwa nimeenda kumsaidia baba siku ya likizo, gari kubwa lilisimama nje ya hoteli ile, likaziba njia, wenye mikokoteni wakatukana. Akashuka Bwana Whitlock. Alilazimika kuinama kuingia mlangoni. Alivua kofia. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye karai la kuosha vikombe, na hakuniona, au hakutaka.

"Jotham," alisema, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "mpishi mpya si mzuri. Mimi nataka wewe rudi."

Baba alijifuta mikono. "Asante, Bwana. Na msichana wangu?"

Bwana Whitlock akazungushazungusha kofia. Hakuwa mtu mbaya, nimekwambia. "Mimi nasoma ile hotuba tena," alisema. "Si uongo. Lakini ile siku si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi, Bwana?"

Mmarekani yule alisimama katikati ya moshi wa chapati, wateja wote vikombe hewani. Akafungua mdomo. Nadhani kwa mara ya kwanza alilitafuta jibu kwa kweli, na hakulipata. Baba alingoja, kwa adabu, jinsi alivyokuwa akingoja kuambiwa supu iletwe. Mwishowe akasema, "Siku Bwana akijua mahali pake, aje tuongee. Sasa hivi nina watu wenye njaa." Akageuka akarudi kwenye tawa lake la kukaangia chapati.

Hoteli ilipasuka kwa kicheko na makofi. Karani mmoja akapiga meza, "Mzee, niongeze ingine, leo umeniuzia chapati na maneno!" Nje, gari likaondoka polepole. Bwana Whitlock hakurudi tena.

Baba hakupika tena katika nyumba ya mtu. Miaka ya sabini ilipoanza alikuwa na kibanda chake mwenyewe Kabiria, akiuza mandazi na chai kwa mafundi na makarani wa asubuhi. Hakutajirika. Kifua kile cha moshi ndicho kilichomchukua, na siwezi kukuficha hilo, kwa maana ningekuwa nakata hotuba mbele yako. Mimi nikawa mwalimu. Nilifundisha historia na fasihi katika shule moja upande wa Kawangware, na kila mwaka nilipofika Marekani nilifundisha mfalme, nikafundisha ukumbi wa joto, nikafundisha na wale waliochora herufi mchangani. Mkubwa mmoja wa shule aliwahi kuniambia niharakishe sehemu hiyo kwa kuwa haitoki katika mtihani. Nilimsikiliza vizuri sana, kisha nikaifundisha polepole zaidi.

Marekani yenyewe sijafika hadi leo. Watu hunihurumia kwa hilo. Sitaki huruma. Sikuomba radhi wakati ule nikiwa msichana asiye na kitu, siwezi kuanza sasa nikiwa mwanamke mzee mwenye wajukuu.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu la swali lako ni hili. Ubaya upo. Anayekuomba unyamazie kweli moja hatakuja na rungu. Atakuja na kiti na chai, atakusifu, na atakuonyesha zawadi. Mpende ukitaka, mshukuru kwa mema yake, lakini mdomo wako usimpe. Kabla ya kusema, hakikisha unalolisema ni kweli, usome mpaka ukurasa wa mwisho, usisimame mbele za watu na maneno ya kuokota. Uwaambie mapema wale watakaoumia pamoja nawe, wasikie kutoka kwako. Na usitarajie tuzo. Ukipata, sawa, lakini usisimame kwa ajili yake. Ukishasema, usirudi kuomba radhi kwa kweli yako kwa sababu umeona machozi au njaa. Omba radhi kwa makosa yako, nayo yatakuwa mengi, hayo yanatosha. Tena ukiipenda nchi yoyote, hasa hii yetu, ipende ukiwa macho. Wanaotaka uisifu nusu hawaipendi zaidi yako.

Haya, inuka uende kazini kwako. Mungu akupe riziki, na siku riziki hiyo ikitaka kukununua akupe nguvu za kuiacha mezani. Akuweke kati ya watu wasiokuonea haya, na watoto wako wakutaje vichwa vikiwa juu. Nenda na baraka zangu zote.